Deki Namba Saba

Jumatano hiyo ilianza kama Jumatano zote. Mkahawani kulikuwa na maharage ya nyama yenye pilipili, na kando yake andazi la mdalasini lililopakwa sukari, kwa sababu watu wa Lincoln, Nebraska, wamelishwa hivyo tangu shuleni na hawataki kuulizwa maswali. Janelle Vavra alikula haraka, akapanguza vidole, akapanda lifti hadi ghorofa ya nne na kikombe chake cha kahawa. Saa saba na dakika kumi mchana alikuwa ameshaketi mbele ya skrini.

Kazi yake ilikuwa kutazama. Mashine kubwa ya kampuni, ile iliyotunza habari za mashamba ya wakulima elfu sabini waliokata bima ya mvua ya mawe, ilikaa chini kabisa ya jengo, katika chumba baridi kisicho na dirisha. Janelle aliitazama kutoka juu, kwa kompyuta yake ya mezani. Skrini ilimwonyesha kila kazi iliyokuwa ikiendeshwa, inakula kiasi gani cha nguvu za mashine, inangoja nini, na ni nani anayeichelewesha. Hilo la mwisho ndilo hasa aliloajiriwa kulijua. Mashine ikizubaa, yeye ndiye wa kusema nani ameikalia.

Na wiki hiyo ilikuwa imezubaa kweli. Mawe yalikuwa yamepiga mahindi ya magharibi siku ya Jumapili, simu za wakulima hazikatiki, na makarani wa ghorofa ya pili walikuwa wakibonyeza kitufe kisha wakingoja sekunde kumi na moja jibu lirudi. Sekunde kumi na moja si mchezo. Jaribu kuzihesabu huku mkulima mwenye hasira akikupumulia sikioni.

Mkuu wake, Wendell Brandt, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, tai imelegea, andazi mkononi.

"Vavra, wale wa chini wanataka kunila mbichi. Umempata mchawi wetu?"

"Nimempata," Janelle akasema. "Ila ni babu wa watu."

"Babu yupi?"

"Emil Sedlacek."

Wendell akacheka mpaka sukari ikamwagika kwenye shati. "Emil? Si alistaafu kabla mimi sijaota hiki kitambi! Anafanya nini humu?"

"Hafanyi kitu. Ndiyo shida yenyewe. Tazama."

Akamwonyesha. Mashine ilikuwa na deki nane za kusomea kanda, na kanda ndizo zilizobeba habari zote za zamani za mashamba. Kazi ikitaka kanda, huomba deki. Deki saba kati ya hizo zilikuwa zinahaha kama akina mama wa jikoni siku ya harusi. Deki namba saba ilikuwa imekaa tu. Imeshikwa asilimia mia, imetumika asilimia sifuri. Aliyeishika alikuwa Emil, kutoka nyumbani kwake huko Wilber, kwa laini ya simu, kwa ruhusa ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Alikuwa ameishika tangu Oktoba 1987. Mwaka huu ulikuwa 1998.

"Miaka kumi na moja?" Wendell akauliza.

"Kumi na moja kasoro wiki chache. Na ona hii hapa." Kwenye foleni ya wanaoingoja deki namba saba, ya kwanza kabisa ilikuwa kazi isiyo na mwenyewe. Haikuwa na jina la idara wala la mtu. Iliitaka namba saba, si nyingine yoyote, na ilikuwa ikiingoja tangu siku ile ile ya Oktoba. Nyuma yake kazi za leo zilikuwa zimerundikana.

"Takataka," Wendell akasema. "Mkate huyo mzee, hiyo nyingine ipite ife zake, tupumue. Lakini mpigie simu kwanza. Humkati mtu bila kumpigia."

Huo ulikuwa utaratibu wao wa siku nyingi, na Janelle aliuheshimu. Akaitafuta namba ya Wilber, akapiga. Laini ilikuwa inatumika. Akangoja, akapiga tena. Inatumika. Mara ya tatu hivyo hivyo. Akajiambia kwamba mzee amesahau kompyuta yake wazi, yuko nyuma ya nyumba anachuma nyanya.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna wa kumlaumu zaidi ya yeye mwenyewe, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Mashine ile humtupa nje yeyote aliyekaa nusu saa bila kubonyeza kitufe. Haijali cheo. Skrini yake ilimwambia kwamba Emil amebonyeza mara ya mwisho dakika tisa zilizopita. Maana yake kulikuwa na kidole, kule Wilber, kilichokuwa kikibonyeza kila mara kabla nusu saa haijatimia, usiku na mchana, kwa miaka kumi na moja. Janelle aliiona ile tisa. Akaipita.

Kabla ya kukata alipiga simu chini, kwenye chumba cha mashine. Opereta wa mchana alikuwa mdogo wake, Dawn. Dawn alikuwa ameachana na mumewe mwezi Juni, akarudi Lincoln na masanduku mawili, na Janelle ndiye aliyembembeleza Wendell mpaka akampa kazi. Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Janelle alimlea huyo Dawn tangu mama yao alipofariki. Alimsuka nywele, alimfundisha kuendesha gari, alimkanya asiolewe na yule mwanamume na hakusikilizwa.

"Mpagazi wa kanda hapa, nikusaidie nini?" Dawn akaitikia.

"Acha utani. Nakufungulia deki namba saba."

"Saba? Si mbovu hiyo? Imefunikwa plastiki, imeota vumbi."

"Ifunue. Ikiomba kanda, iwekee kama nyingine."

"Sawa bosi. Na andazi langu umeniwekea, au umekula yote mawili?"

"Limo kwenye mkoba."

"Ndiyo maana nakupenda."

Saa saba na dakika hamsini na mbili, Janelle akamkata Emil Sedlacek.

Akategemea mstari wa kwenye skrini ushuke, na ukashuka. Kazi zilizorundikana zikaanza kupita. Sekunde kumi na moja zikawa saba, zikawa nne, zikawa mbili. Ghorofa ya pili mtu alipiga makofi. Janelle aliegemea kiti akatabasamu, akainua kikombe chake.

Kisha akaona ile kazi isiyo na mwenyewe. Haikufa. Ilikuwa imechukua deki namba saba, na kwenye safu inayoonyesha kila kazi inangoja nini, palikuwa pameandikwa kwamba inangoja mkono wa opereta. Ilikuwa imeomba kanda namba 6614.

Simu yake ikalia.

"Nani kanikata?" Sauti ilikuwa ya mzee, ndogo, iliyojaa usingizi.

"Bwana Sedlacek? Naitwa Janelle Vavra, wa idara ya utendaji wa mashine. Samahani sana, nimekupigia mara tatu..."

"Laini ilikuwa inatumika kwa sababu nilikuwa kwenye laini, binti. Nani yuko chini?"

"Samahani?"

"Kwenye mashine. Nani yuko zamu?"

"Mdogo wangu. Dawn."

Nyuma ya mzee mwanamke akasikika akiamka mahali fulani karibu na simu, akauliza kwa sauti ya kukwaruza: "Emil? Imefika zamu yangu?"

"Lala, Albina," mzee akamwambia. Kisha akarudi kwenye simu. "Imeomba kanda?"

"Ndiyo. 6614."

"Rafu zenu zinaishia namba ngapi?"

Janelle alijua. "Elfu tano mia mbili," akasema.

"Mpigie asiende."

Akainua simu ya meza ya jirani, akapiga chini. Ikalia. Ikalia mara kumi na mbili. Opereta mzuri haachi ombi la kanda likingoja. Kengele ikilia huinuka, huenda rafuni. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemwambia aiwekee kama nyingine alikuwa dada yake.

"Hashiki."

"Basi ameshakwenda." Mzee alikuwa ananong'ona sasa, labda kwa ajili ya mke wake. "Nisikilize vizuri. Usilie, shuka. Kaa kwenye meza ya opereta. Andika amri ya kuishika saba kwa jina lako, lakini usibonyeze. Unanisikia? Usibonyeze akiwa bado ndani. Ukibonyeza unamfungia. Mimi nilibonyeza."

"Ulimfungia nani?"

"Harlan Dietz."

Janelle alilijua hilo jina. Kila mtu ghorofa ya nne alilijua. Harlan alikuwa opereta aliyeacha gari lake kwenye maegesho na koti lake kwenye kiti, na ikasemwa kwamba amemkimbia mkewe akaenda Denver. Watu waliifanya hadithi ya kuchekesha.

"Niliona rafu zinaendelea pale ambapo pana ukuta," mzee akasema. "Niliogopa, nikaishika deki ili ile kazi inyamaze. Ikanyamaza. Yeye alikuwa bado humo. Baadaye siku hiyo hiyo nilifungua nimngoje, mara moja tu. Kengele ikalia, na mwingine akaacha kahawa yake akainuka kwenda kuitafuta. Nikafunga kabla hajaingia. Tangu hapo tunapokezana, mimi na Albina."

"Bwana Sedlacek, ni nini hicho?"

"Sijui. Sijawahi kujua. Akitoka tu, bonyeza. Usingoje kitu kingine chochote."

Janelle hakungoja lifti. Alishuka ngazi ghorofa nne na moja ya chini ya ardhi, mkono kwenye chuma, viatu vikigonga. Mlango uliikataa kadi yake mara ya kwanza kwa sababu aliishika kinyume. Mara ya pili ukafunguka.

Baridi ikampokea. Mashine ilinguruma kama kawaida. Plastiki ya deki namba saba ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya kiti. Kahawa ya Dawn ilikuwa inatoa mvuke. Kwenye meza ya opereta kengele ilikuwa ikilia, mlio mmoja mfupi, kisha kimya, kisha mlio mmoja mfupi. Kwenye skrini namba 6614 ilikuwa inawaka na kuzima.

"Dawn!"

Hakuna.

Ng'ambo ya ukuta wa kioo ilikuwa maktaba ya kanda. Safu tano za rafu za chuma, kila safu hatua ishirini, na mwisho wake ukuta wa zege uliopakwa rangi ya kijivu. Janelle alikuwa ameingia humo mara mia. Akatazama safu ya kwanza. Ukuta. Ya pili. Ukuta.

Ya tatu haikuwa na ukuta.

Rafu ziliendelea. Taa ziliendelea juu yake, moja baada ya nyingine, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Kanda zilikuwa zimepangwa pande zote mbili, na lebo nyeupe. Hazikuwa na vumbi. Mtu alikuwa akizitunza.

Akaketi. Akaandika amri. Herufi zake, jina lake, namba saba. Alikosea mara mbili akafuta. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika tatu.

Akasikia gurudumu. Mkokoteni wa kubebea kanda ulikuwa na gurudumu moja lililolia, kila opereta aliulalamikia. Lilikuwa mbali. Mbali kuliko jengo lenyewe. Kisha likanyamaza, na hakulisikia tena.

Kengele. Kimya. Kengele.

Saa nane kasoro moja. Kidole kilikuwa kinamuuma. Alikuwa akisema kitu kwa sauti ndogo bila kukoma, na alipojisikiliza aligundua kwamba anahesabu, kama alivyokuwa akihesabu walipocheza kujificha, ili Dawn ajue bado yupo.

Saa nane na dakika moja Dawn akatokea.

Alitoka kwenye safu ya tatu akijishikilia rafu. Hakuwa na mkokoteni wala kanda. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Viatu vyake, vile vyeupe walivyonunua pamoja siku ya Jumamosi, vilikuwa vimelika soli mpaka soksi, na soksi mpaka nyama. Alimtazama Janelle kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Mmenitafuta siku ngapi?" akauliza.

"Dakika tisa. Njoo hapa. Njoo, mdogo wangu, pole pole."

Dawn akapita mlango wa kioo. Akafika mezani. Janelle akamshika mkono wa shati kwa mkono wa kushoto, akaukamata kwa nguvu zote. Wa kulia ukabaki juu ya kitufe.

"Ngoja," Dawn akanong'ona. "Kuna mtu nyuma yangu."

"Hakuna mtu."

"Yupo. Anachechemea. Ndiye aliyenionyesha njia, Janelle, nisingetoka. Nimemwahidi tutamngojea. Hayuko mbali. Dakika tano tu."

Kengele ikalia. Na Janelle akaona kitu ambacho hakuwahi kukisema mbele ya mdogo wake. Dawn alikuwa akiongea naye, uso umeelekea kwake, lakini miguu ilikuwa imegeuka. Kengele ikalia tena na ile miguu yenye damu ikapiga hatua moja kuelekea rafuni, yenyewe, kama miguu ya mtu aliyeitwa kazini.

"Nikamsaidie tu," Dawn akasema. "Nitarudi sasa hivi."

Janelle akamvuta akamkumbatia, akaukandamiza uso wake begani. Akatazama juu ya nywele zake, kupitia kioo, kwenye safu ya tatu.

Kulikuwa na mwanamume. Alikuwa mbali, chini ya taa ya saba au ya nane. Mrefu, shati jeupe la mikono mifupi, la mtindo wa zamani. Alikuwa anachechemea. Anaharakisha. Alishika rafu, akajisukuma, akashika nyingine. Alikuwa mtu, si kitu kingine. Nalisema hili kwa sababu Janelle angefurahi sana kama lingekuwa jambo la kubishaniwa.

Akamwona. Akainua mkono juu, kiganja wazi, kama unavyomsimamisha dereva wa basi linaloondoka.

Miguu ya Dawn ilikuwa inasukuma.

Janelle akabonyeza.

Hakukuwa na kishindo. Kengele iliacha. Mwisho wa safu ya tatu palikuwa na ukuta wa zege uliopakwa rangi ya kijivu, hatua ishirini kutoka kwenye mlango.

Dawn alilegea mikononi mwake, wakaketi sakafuni wote wawili. Baada ya muda mrefu Dawn akauliza, bado amefumba macho, "Alitoka?"

"Hakukuwa na mtu," Janelle akasema. "Ulikuwa peke yako. Umechoka."

Alimpeleka mkahawani akamtazama akila mabakuli manne bila kupumzika, na andazi, na andazi jingine. Wendell alipouliza kuhusu viatu aliambiwa kwamba ni dawa ya kusafishia sakafu. Alipouliza kwa nini sekunde zimerudi kumi na moja, Janelle alimwambia deki namba saba ni mbovu, na kwamba ameandika jina lake juu yake ili mtu asije akaitumia. Wendell alimwamini. Alikuwa mtu mwepesi, mwenye kitambi chake na matatizo yake.

Dawn hakushuka tena kule chini. Alipata kazi jikoni kwenye shule ya msingi, akaipenda. Lakini kila walipokutana Jumapili aliuliza, akiwa anaosha vyombo au anatafuta funguo, kama jambo la kupita tu: una hakika hukuona mtu? Na kila Jumapili Janelle alikuwa na hakika.

Emil na Albina walilala. Mzee alipiga simu baada ya siku mbili kusema walikuwa wamelala saa kumi na tisa kwenye kitanda kimoja kwa mara ya kwanza tangu 1987, na kwamba Albina ameamka akalia. Kisha wakagawana na Janelle, wao usiku na siku za mapumziko, yeye mchana. Janelle alijaribu kuandika programu ndogo ya kumbonyezea. Ilifanya kazi mara mbili. Mara ya tatu akaona jina lake linafifia kwenye skrini, akaruka kutoka kwenye kiti, akabonyeza mwenyewe. Kilitakiwa kidole cha mtu.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Kila siku ya kazi, kila dakika ishirini na tano, mbele ya skrini ile ile, akitazama mashine inafanya nini na nani anamchelewesha nani. Jina la kwanza kwenye orodha ya wanaowachelewesha wenzao lilikuwa lake. Alikuwa ameajiriwa kumtafuta mtu wa namna hiyo, sasa alikuwa akijisoma mwenyewe. Kulikuwa na siku alikisogeza kidole mbali na kitufe, akaanza kuhesabu dakika tano. Hakuwahi kufika tatu. Kule chini siku zote palikuwa na opereta fulani, mtoto wa mtu, na kengele ingelia.

Mwaka 2003 kampuni ikanunua mashine mpya isiyotumia kanda. Ile ya zamani ikazimwa Ijumaa moja asubuhi, watu wakala keki. Emil alikuwa ameshafariki, Albina akamfuata majira yale yale ya kuchipua, na tangu hapo usiku nao ukawa wa Janelle. Janelle alikaa mbele ya skrini nyeusi siku nzima, akibonyeza kitufe ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote, mpaka Dawn alipokuja kumchukua.

Jumatatu mafundi wakaanza kuvunja maktaba. Walikata rafu za safu ya tatu, zile zilizofungwa ukutani kwa boliti tangu jengo lilipojengwa mwaka 1974, wakazisogeza. Fundi mmoja akapanda juu kuuliza kama kuna mtu anayejua walichokikuta ni nini. Janelle akashuka. Dawn, aliyekuwa amemletea chakula, akashuka naye.

Nyuma ya rafu, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliopagusa kwa miaka ishirini na tisa, rangi ya kijivu ilikuwa imelika. Palikuwa pamesuguliwa mpaka zege likang'aa. Alama mbili za viganja, kimo cha kifua cha mtu mrefu. Juu yake, katikati, alama moja ya mviringo, kimo cha paji la uso.

"Upande wa pili kuna nini?" fundi akauliza.

"Udongo," Janelle akasema. "Udongo mtupu, mpaka barabarani."

Dawn akaenda ukutani. Akaweka kiganja chake juu ya alama moja, akakaa hivyo.

"Pana joto," akasema.

Hakugeuka. "Ulimwona, Janelle. Sivyo?"

Janelle akamtazama mgongo, yule mtoto ambaye yeye ndiye alimsuka nywele.

"Aliniinulia mkono," akasema.

Fundi alikuwa na nyundo kubwa. Akawatazama mmoja mmoja, akauliza avunje na ukuta huu pia, au auache. Dawn hakuondoa kiganja.

"Anasukuma," akasema.